Simu ya saa mbili asubuhi imekwisha, sasa tufanyeje?

Barua za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja. Vituo vya GP, yaani daktari wa mtaa unayemwona kwanza, hapa Uingereza vinaacha ule mtindo wa kupiga simu saa mbili kamili asubuhi kugombania miadi. Siku hizi mgonjwa anaambiwa aandike shida yake kwenye fomu ya mtandaoni, halafu asubiri kuitwa. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa kaunta ya mapokezi katika kituo cha GP. Si daktari wala nesi. Lakini fomu zinapita mbele ya macho yangu kabla hazijafika kwa daktari, na kituo chetu kilipohama kutoka kwenye simu kwenda kwenye fomu nilikuwa hapo hapo kitini. Nawajibu kwa niliyoyaona. Kanuni nitakazozitaja ni za Uingereza yenyewe, yaani England. Walio Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao.

Dada wa Mapokezi, salaam. Naishi Leicester na mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, umri wake miaka 71. Ana presha na sukari. Tangu kituo chetu kibadilishe mambo, nikipiga simu naambiwa niende kwenye tovuti. Juzi miguu yake ilivimba. Nikajaza fomu, nikaandika "mama anaumwa miguu". Wakajibu baada ya siku tatu kwamba anunue dawa ya maumivu. Zamani nilikuwa nahangaika na simu, lakini daktari tulimwona. Hii fomu si ukuta tu wa kutuzuia?
*Mke wa mwana, Leicester*

Mdogo wangu, kabla hujaendelea kusoma, mwangalie mama. Kama anahema hata akiwa amekaa, au kifua kinambana, piga 999, namba ya dharura. Kama ni mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, piga 111, namba ya ushauri wa afya, sasa hivi. Fomu husomwa na watu walioko kazini. Usiku wa manane haina msomaji.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe. Kituoni kwetu, kila siku kuna daktari mmoja asiyeona wagonjwa. Anakaa chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, anasoma maombi moja baada ya jingine tangu asubuhi hadi jioni, na kila ombi analipa rangi: jekundu aonwe leo, la njano wiki hii, la kijani apigiwe simu au aelekezwe kwingine. Hamwoni mama usoni. Haoni unavyomshika mkono kumpandisha ngazi. Ana maneno yako tu, na wewe ulimpa matatu.

Tena hilo la tatu lina kazi yake. Kwetu mguu ni mguu, kuanzia nyonga mpaka unyayo. Wenzetu Waingereza wana neno la kutoka pajani hadi kifundoni, na jingine la kifundo kwenda chini, na daktari akisoma moja hafikirii jingine. Mkono nao ni vivyo hivyo. Nimewahi kumpokea mama aliyepangiwa mtaalamu wa nyayo, naye goti ndilo linalomuua.

Mimi ningeandika hivi, kwa Kiingereza chochote ulicho nacho, hata sarufi ikipinda:

"Mama ana miaka 71, ana presha na kisukari. Miguu yote miwili imevimba kuanzia vifundoni hadi chini ya magoti, tangu Jumatano. Nikibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Haijawahi kumtokea. Usiku anapanga mito mitatu ndipo apate pumzi. Wiki mbili zilizopita alibadilishiwa dawa ya presha, jina lake hili hapa. Naogopa ni moyo au figo. Tunaomba aonwe leo. Tunahitaji mkalimani wa Kiswahili. Simu ni yangu, mimi mke wa mwanawe, na mama amekubali nizungumze kwa niaba yake."

Kile kishimo cha kidole kinamwambia daktari kwamba ni maji. Mito mitatu inamfanya aache kikombe chake cha chai mezani. Dawa iliyobadilishwa nayo ni muhimu, kwa sababu ziko dawa za presha ambazo zenyewe huvimbisha vifundo, na huenda jibu likawa kubadilisha kidonge tu. Na usione haya kuandika unachoogopa. Fomu nyingi zina kisanduku kinachouliza hivyo hasa, na watu wetu wengi wanakiacha kitupu kwa kuona kwamba kumtajia daktari ugonjwa ni kumfundisha kazi. Kijaze. Kama ungeandika hayo ya mito, ninavyowajua madaktari wetu, mngeitwa siku hiyo hiyo. Jaza leo tena. Lakini kama bado anaweka mito, usingoje fomu: piga simu kituoni, sema hayo hayo kwa mdomo.

Umeuliza kama fomu ni ukuta. Nikwambie nilichokuwa nakiona kabla yake. Saa mbili kamili laini zote za simu zinawaka kwa pamoja. Saa mbili na dakika kumi na mbili nafasi za siku nzima zimekwisha, na kuanzia hapo mpaka saa sita kazi yangu ni kusema samahani, jaribu kesho. Aliyewahi ndiye aliyepata, ugonjwa wake uwe mkubwa au mdogo. Mwenye mafua ya siku mbili alipata kwa kuwa ana simu mbili na mume wa kumsaidia kupiga. Mwenye damu chooni, anayepanda basi la saa moja kwenda kazini, alikata tamaa siku ya tatu. Siutamani ule mtindo hata kidogo.

Lakini fomu nayo imeumiza watu, na mmoja nilimuumiza mimi. Wiki ya pili tangu tuanze, aliingia mzee mmoja, rika la baba yangu, kofia mkononi, akasema anataka kumwona daktari. Nilikuwa nimefundishwa sentensi moja, nikaisema: tafadhali nenda kwenye tovuti yetu. Akaitikia kwa kichwa. Akatoa simu mfukoni, ile ya vitufe, akaitazama, akairudisha, akatoka. Nilimwona mgongo wake kwenye kioo cha mlango na sikumwita. Jina lake nilikuja kulijua siku binti yake alipopiga simu kutoka wodini. Tangu hapo sijamwambia mtu aliyesimama mbele yangu aende kwenye tovuti. Namvutia kiti, nauliza, anajibu, naandika.

Na hilo halitakiwi kutegemea huruma ya mtu kama mimi. Kituo kinapaswa kumpokea mgonjwa kwa mtandao, kwa simu, au akija mwenyewe, na njia hizo zote zinaishia kwenye orodha ile ile ya daktari. Tangu Mei 2023, mkataba wa vituo vya GP unataka mgonjwa akiwasiliana asiambiwe apige siku nyingine. Ama haja yake ipimwe, ama aelekezwe pa kwenda. Basi ukiambiwa tovuti, tovuti, sema hivi kwa upole: mama hatumii mtandao, naomba unijazie wewe. Wakikataa, mwandikie msimamizi wa kituo. Vilevile omba waandike kwenye faili la mama kwamba hatumii mtandao na apigiwe simu kwa namba yako. Likishaandikwa hilo, litamtokea yeyote atakayefungua faili lake, hata kama yule dada mpole wa kaunta hayupo siku hiyo.

Jambo dada. Tulitoka Uvira, tuko Bolton mwaka ya tano. Kingereza yangu ni kidogo, ya bibi yangu ni kidogo zaidi. Mbele tulikuwa tunaenda tu pale kwa mapokezi, wanapigia mutafsiri simu. Sasa ni fomu, na binti yetu wa miaka 12 njo anatujaziaka. Bibi yangu ako na maumivu ya chini ya tumbo, anaona haya kusema mbele ya mtoto. Basi tumenyamaza.
*Baba wa watoto wane, Bolton*

Baba, mpe mama pole zangu, na msinyamaze. Mtoto asijaze tena. Si kwamba amekosea, amewasaidia vizuri sana, lakini mkalimani ni haki yenu na halipiwi, na kuja kwa fomu hakujaiondoa haki hiyo.

Barua yako yenyewe inaonyesha kwa nini mnahitaji mkalimani anayewafaa. Umeandika "bibi yangu", nami najua ni mkeo kwa kuwa nimezoeana na Wakongo. Mkalimani wa kwetu Tanga asiyezoea atamwambia daktari kwamba mgonjwa ni mama wa mama yako, na daktari ataanza kuwaza maradhi ya mzee wa miaka 70. Kwa hiyo mkifika kaunta, maneno mawili yanatosha: Swahili, Congo. Yaseme yote mawili. Mwenye kaunta ataandika hivyo anapoomba mkalimani. Kama mama atakuwa huru zaidi kwa Kifuliiru, Kinyamulenge au Kilingala, taja hiyo. Mama pia anaweza kuomba mkalimani mwanamke na daktari mwanamke. Mimi naombwa hivyo kila wiki na sijawahi kumuuliza mtu sababu. Ombeni pia muda mara mbili, maana miadi ya kawaida ni kama dakika kumi, na kila neno likipita kwa mkalimani dakika kumi zinakuwa tano.

Hapo hapo kaunta, mwombe mhudumu ampigie mkalimani kwa simu na awajazie fomu. Najua vipo vituo vitakavyotaka mrudi nyumbani mkajaze wenyewe. Simameni pale pale, semeni tena: Swahili, Congo, mkalimani. Mtoto aachwe nje acheze.

Msitegemee simu iwatafsirie. Nimeshapokea fomu ya mama aliyeandika "nasikia maumivu kifuani", programu ya tafsiri ikaligeuza kuwa kusikia kwa masikio. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliisoma mara mbili, akaniita, akaniuliza kama huyu mgonjwa anasikia sauti. Nikamweleza kwamba kwetu maumivu husikiwa, njaa husikiwa, baridi husikiwa. Yule mama akaitwa kwa ajili ya kifua chake. Ingekuwa kituo kisicho na Mswahili nyuma ya kaunta, sijui angepelekwa wapi.

Jambo moja la haraka, baba. Kama siku zake zimechelewa, au kuna damu, au maumivu yamekaa upande mmoja na anajisikia kuzimia, hiyo si ya fomu wala si ya kesho. Pigeni 999. Kama si hivyo lakini kituo kimefungwa, 111 iko saa zote na ina wakalimani. Kwa Kiingereza kidogo sana sema Swahili, usikate simu, subiri laini ikiwa kimya. Ule ukimya ndio wanamtafuta mkalimani.

Dada, nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, Northampton. Narudi saa moja asubuhi, nalala. Fomu yetu ilikuwa inafungwa saa nne asubuhi. Siku nikiiwahi, wanapiga nikiwa nimelala, namba imefichwa, sipokei. Wanaandika kwamba sikupatikana. Imetokea mara tatu.
*Kijana wa zamu, Northampton*

La kufungwa fomu saa nne limekwisha kisheria. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 kila kituo kinatakiwa kuiacha fomu wazi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili unusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mambo yasiyo ya dharura. Kama yako bado inafungwa, mwandikie msimamizi, taja tarehe hiyo.

La namba iliyofichwa linanihuzunisha zaidi, maana linawapata wengi wetu. Simu ikiingia bila namba, mtu wetu anafikiria madeni au watu wa uhamiaji, anaiacha ilie. Simu za vituo vya GP na hospitali mara nyingi huja hivyo hivyo. Ukishajaza fomu, siku ile na ya pili yake pokea kila simu. Na kwenye fomu, kile kisanduku cha muda usioweza kupatikana kijaze kwa maneno: "Nafanya kazi usiku, nalala saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nipigieni saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, au nitumieni ujumbe." Geuza saa hizo kwa hesabu ya Kiingereza kabla hujatuma. Uliza pia miadi ya jioni. Tangu Oktoba 2022 vituo vya eneo moja vilivyoungana kufanya kazi pamoja vinatoa miadi hadi saa mbili usiku siku za kazi, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Huenda ikawa jengo jingine, si kituo chako, na faili lako wanaliona. Kaunta hawaitaji mpaka uwaulize.

Nina miaka 52. Nimetokwa na malengelenge ubavuni upande wa kushoto, yanachoma kama moto, leo siku ya pili. Nayajua, ni mkanda wa jeshi. Nyumbani mtu akitokwa na huo watu wananong'ona. Msichana wa mapokezi anasoma na binti yangu Qurani Jumamosi. Fomu inaniuliza shida yangu ni nini. Lazima niandike? Na yeye ana haki gani ya kujua?
*Mama wa Reading*

Dada yangu, nimeirudia barua yako mara kadhaa. Kwa kuwa jarida linachelewa kufika, nilimwomba mhariri akutumie jibu siku hiyo hiyo ilipofika, naye akafanya hivyo. Naliweka hapa kwa ajili ya wengine wanaokaa kimya kama ulivyotaka kukaa.

Kwanza, mkanda wa jeshi ni tetekuwanga lako la utotoni. Ukipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na siku kinga ikishuka, kwa umri au uchovu au maradhi, kinatoka kwa kufuata mshipa mmoja, ndiyo maana upele unakaa upande mmoja kama mkanda. Ule mnong'ono wa nyumbani nauelewa. Katika miaka ya tisini sisi sote tulizika watu, na mkanda wa jeshi kwa kijana ulikuwa dalili iliyotangulia. UKIMWI hushusha kinga, ndiyo sababu. Lakini kinga hushuka pia kwa kuvuka miaka 50, na hapa Uingereza wanaokuja kaunta kwangu na mkanda wengi ni wazee wa Kiingereza, na hakuna anayegeuza shingo. Kama ungependa kupima ili roho itulie, pima, ni bure na ni siri. Usiuache upele kwa ajili hiyo.

Pili, huhitaji fomu kabisa. Tangu tarehe 31 Januari 2024 duka la dawa linaweza kutibu maradhi 7 bila kupita kwa GP, na mkanda wa jeshi kwa watu wazima ni mojawapo. Mengine ni koo, sikio kwa watoto, sainasi, kuumwa na mdudu kukaingia uchafu, upele wa usaha wa ngozi, na mkojo unaochoma kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Ingia duka la mtaa mwingine ukitaka. Sema unaomba kuzungumza na mfamasia chumbani. Wana chumba kidogo chenye mlango. Inua blauzi umwonyeshe. Dawa yake inafaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu upele utoke, nawe uko siku ya pili, kwa hiyo nenda leo. Utalipa £9.90 kama kwa kawaida unalipia dawa. Ungekuwa umetoka usoni karibu na jicho ningekwambia kitu kingine: GP au 111 saa hiyo hiyo, jicho halingoji.

Sasa yule msichana. Anauliza kwa sababu madaktari wamemwagiza aulize, apate kujua nani aende kwa daktari, nani kwa nesi, nani kwa mfamasia. Wewe una haki ya kusema "ni jambo la faragha", na yeye anapaswa kuandika hivyo hivyo na kuacha. Kwenye fomu pia unaweza kuandika kwamba ni jambo la faragha unaloomba kumweleza daktari, ila taja kama ni la leo au linaweza kungoja, la sivyo hawatajua pa kukuweka. Na akilijua, amefungwa mdomo kama daktari alivyofungwa. Nasema haya nami nikiwa mmoja wao. Nakutana na wanawake ninaojua mambo yao kwenye harusi, kwenye maulidi, sokoni, tunasalimiana na kuulizana watoto. Akina mama wengine wananikwepa macho, na mimi hulichukua hilo kama ni haki yao.

Shikamoo dada. Mama anakuja kutoka Dar kukaa nasi wiki kumi Barking. Akiugua, anaweza kwenda kwa GP bila makaratasi?
*Kitinda mimba, Barking*

Marahaba, mwanangu. Anaweza. Mtu atakayekaa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi mitatu husajiliwa kama mgonjwa wa muda, na huduma ya GP hailipiwi. Kitambulisho, uthibitisho wa anwani na viza si sharti la kusajiliwa, hata wakiviomba. Hospitali ni habari nyingine, mgeni wa matembezi anaweza kutozwa na bili zake ni nzito, kwa hiyo mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege. Aje na dawa zake ndani ya maboksi yake yenye majina.

Kituo chetu kinahamia kwenye fomu msimu wa vuli. Wametuma barua kualika wagonjwa kwenye kikao watoe maoni. Nina miaka 66, nilikuwa karani wa posta Mombasa, Kiingereza nakimudu. Je, niende, au ni kupoteza muda, wameshaamua?
*Mzee wa Coventry*

Shikamoo mzee. Nenda, nakuomba. Huenda kuhama wameshaamua, lakini namna ya kuhama huamuliwa na wanaofika kwenye viti vile. Tangu 2015 kila kituo kinatakiwa kuwa na kikundi cha wagonjwa. Kikundi chetu kina watu wema kabisa, wastaafu wenye magari na barua pepe, na kwa miaka mingi hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza.

Hili wapelekee. Januari moja nilifika kazini kabla hatujafungua, bado giza, barafu kwenye lami. Mama mmoja wa Kilwa alikuwa amesimama mlangoni, kanga juu ya koti, mikono kwapani. Nikamuuliza miadi yake saa ngapi. Akanionyesha simu: 2.00, na pembeni zile herufi mbili ndogo za mchana ambazo hakuna aliyewahi kumfundisha. Ameiona mbili, amefika saa mbili. Miadi ilikuwa saa nane. Amepanda mabasi mawili. Mwenzangu wa kaunta alikuwa ameshaanza kumwambia arudi nyumbani aje baadaye. Nikamweka chumba cha nyuma karibu na hita, na daktari akamwona kabla ya orodha yake kuanza. Nilipofungua faili lake nikakuta ameandikwa mara mbili kwamba hakufika kwenye miadi. Alikuwa amefika zote mbili, asubuhi, akakuta mambo hayaeleweki, akaondoka.

Baada ya hapo nilimwomba msimamizi tubadilishe ujumbe, na siku hizi tunaandika "alasiri" kwa neno zima la Kiingereza, pamoja na jina la siku. Kazi ya dakika tano kwenye kompyuta. Mzee, waulize wa kwenu ujumbe wao utasomekaje, kisha uwaeleze saa zetu, polepole, kwa vidole. Waulize simu zao zitakuja na namba au bila namba. Waulize nani atakaa kaunta saa mbili asubuhi Jumatatu ya kwanza, na kama mtu huyo ataruhusiwa kumjazia fomu mgonjwa aliyekuja kwa miguu yake. Wakijibu kwamba kutakuwa na kompyuta ukumbini wagonjwa wajihudumie, uliza tena: mtu, jina lake nani?

Andika majibu yao hapo hapo, kama ulivyokuwa ukiandika hawala za watu posta, kisha nitumie nakala. Nitaichapa toleo lijalo bila kutaja kituo.